Nilivyofundishwa kunyonyesha baada ya kuwafundisha wengine kwa miaka sita

Kwa miaka sita nilifanya kazi ya uuguzi na ukunga katika wodi ya wazazi waliokwisha kujifungua, na katika muda huo niliwaeleza akina mama wengi kiasi kwamba siwezi kuwahesabu namna ya kunyonyesha. Maelezo yangu yalichukua dakika tatu hivi. Nilisimama upande wa miguuni mwa kitanda, faili mkononi, nikasema kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, kwamba anyonye kila anapotaka, mara 8 hadi 12 kwa siku, kwamba asipewe kitu kingine chochote, hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo, na kwamba baada ya hapo aendelee kunyonya pamoja na chakula cha nyongeza mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Hayo ndiyo mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, na hakuna neno ndani yake ambalo ningelifuta leo. Ila sikumbuki hata siku moja ambapo nilivuta kiti, nikakaa, nikamtazama mtoto mmoja tangu anaposhika titi hadi anapoliachia mwenyewe.

Kisha nikajifungua mimi.

Uchungu ulikuwa mrefu na ukaishia kwenye upasuaji, kwa hiyo mwanangu aliwekwa kifuani kwangu baada ya saa ya kwanza kupita. Sikuhangaika. Nilijua kwamba katika siku ya kwanza mtoto mchanga huhitaji kiasi kidogo sana cha dang'a, yaani maziwa ya mwanzo, kati ya mililita 2 na 10 kila anaponyonya, na kwamba maziwa mengi huanza kushuka baina ya siku ya pili na ya nne. Nilijua pia kwamba kwa mzazi wa mara ya kwanza, hasa aliyepasuliwa, huweza kuchelewa. Nilikuwa na maarifa yote hayo kichwani, yamepangika kama nguo kwenye kabati, na ndiyo maana nilichelewa kuona kilichokuwa kinatokea mikononi mwangu.

Siku ya pili maumivu yalianza. Sisemi yale maumivu madogo ya sekunde chache mtoto anaposhika titi, ambayo wazazi wengi huyapata siku za mwanzo. Nasema maumivu yaliyoanza naye na kumalizika naye, yaliyonifanya nikunje vidole vya miguu ndani ya soksi. Kila alipoachia, chuchu ilitoka imebanwa na kuchongoka upande mmoja, kama kijiti cha rangi ya mdomo kilichoanza kutumika. Dalili hiyo inaonyesha kwamba chuchu inasagwa kati ya ulimi na kaakaa gumu kwa sababu haijaingia ndani ya kutosha. Ningeulizwa kwenye mtihani ningeijibu bila kusita. Kitandani kwangu nilijiambia kwamba ni kawaida, itapita, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimewaambia wengine.

Siku ya tano tulimpima uzito. Alizaliwa na gramu 3,200; mizani ikasoma 2,850. Alikuwa amepoteza gramu 350, karibu asilimia 11 ya uzito aliozaliwa nao. Watoto wachanga karibu wote hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini upungufu unapokaribia asilimia 10 mtu hapaswi kurudi nyumbani kabla hajapata maelezo. Na maelezo yalikuwa kwenye nepi, kama ningetaka kuyasoma: katika saa 24 zilizopita alikuwa amelowesha nepi mbili tu, ilhali katika umri huo tunatarajia sita au zaidi, na choo chake kilikuwa bado cha kijani kizito wakati kilipaswa kuwa kimegeuka cha manjano. Tena alikuwa mpole mno. Tulikuwa tumemsifu kwa upole huo siku mbili nzima.

Muuguzi mwenzangu mmoja aliniambia kwa huruma, "Dada, maziwa huna. Mpe ya kopo, nawe ulale." Mwingine, kwa huruma ileile, akaniambia nisithubutu kumpa kopo, nivumilie, maziwa yatakuja kwa sababu kila mama anayo. Kauli hizo mbili zinapingana, lakini zilitoka mahali pamoja: wote wawili walizisema wakiwa wamesimama, bila kumwona mtoto akinyonya. Nami sikuwa na haki ya kuwalaumu, kwa kuwa nilikuwa nimefanya hivyo miaka sita.

Aliyenisaidia alikuja jioni ile. Alikuwa mtaalamu wa unyonyeshaji mwenye cheti cha kimataifa, kile kinachotolewa na bodi ya mitihani iliyoanzishwa mwaka 1985, ambacho mwenye nacho hulazimika kukihuisha kila baada ya miaka 5. Nilikuwa nimewahi kusikia cheo hicho na kukidharau kidogo. Kulikuwa na haja gani ya mtihani wa jambo ambalo viumbe wote wanaonyonyesha hulifanya porini bila mwalimu?

Hakuanza na titi. Alianza na maswali, akiandika kwa mkono: matiti yalibadilika ukubwa wakati wa ujauzito? Nilipoteza damu kiasi gani? Kondo la nyuma lilitoka zima? Nina kisukari, tatizo la tezi ya shingo, nimewahi kufanyiwa upasuaji wa kifua, natumia dawa gani? Kila swali lilikuwa mlango wa sababu mojawapo ya maziwa kuchelewa au kupungua, na niliona namna alivyokuwa akiifunga mmoja baada ya mwingine. Kisha alinawa mikono, akavaa glovu, akamwingizia mwanangu kidole mdomoni kuona kama ulimi unatoka, unapanda na kuzunguka, au umeshikwa na utando wa chini. Ulimi ulikuwa huru. Ndipo akasema, "Sasa, mama, naomba umnyonyeshe kama ulivyomnyonyesha asubuhi. Usibadilishe kitu kwa ajili yangu." Akavuta kigoda, akakaa kando yangu, chini kuliko mimi, akaweka mikono mapajani.

Kwa dakika 20 hakusema neno. Sijui kama msomaji amewahi kutazamwa kwa makini hivyo na mtu asiyemhukumu. Dakika tano za mwanzo nilijisikia kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Zilizofuata, nilianza kutazama mahali alipokuwa akitazama. Hakutazama titi. Alitazama taya la mtoto, mahali linapokutana na sikio, na shingo yake, na mkono wake mdogo uliokuwa umekunjwa ngumi tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto aliyeshiba hulegeza vidole. Wangu alisinzia akiwa bado amevikunja.

"Unamsikia akimeza?" aliniuliza hatimaye. Nilisikiliza. Kulikuwa na mwendo wa haraka wa kidevu, mfupi-mfupi, kama wa mtu anayetafuna mbegu, halafu kimya. Akanieleza kwamba maziwa yanapotiririka mwendo hubadilika: mdomo hufunguka kwa upana, kidevu hushuka na kutulia kitambo kidogo sana huko chini wakati mdomo unajaa, kisha hufunga, na hapo husikika pumzi ndogo ya kumeza. Ule mtulio wa kidevu ndio ushahidi kwamba kuna kinachoingia. Mtoto anaweza kuwa kifuani dakika 40 bila mtulio hata kumi, na saa ya ukutani ikatudanganya sote kwamba amenyonya sana.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, karibu niseme la aibu. Nilikuwa nimemshika kisogo, nikimsukuma kuelekea kwenye titi; mtoto anaposukumwa kisogo hujibu kwa kusukuma nyuma, kwa hiyo tulikuwa tunashindana nguvu kila baada ya saa mbili. Tena nilikuwa nikimlenga chuchu katikati ya mdomo, kama mtu anayetia ufunguo kwenye kitasa. Aliniomba nihamishie kiganja kwenye mabega yake na kumwacha kichwa kiwe huru. Akaniomba pia nimsogeze mwili mzima kwa upana wa vidole viwili, hadi pua, wala si mdomo, ikabili chuchu. Mtoto akainua uso kidogo ili kuifikia, na kwa kuinua uso akafungua mdomo kwa upana wa mwayo. "Sasa," alisema, "kidevu kwanza." Kidevu kikazama kwenye titi, mdomo wa chini ukakunjukia nje, na sehemu ya duara jeusi linalozunguka chuchu iliyobaki kuonekana ikawa kubwa juu kuliko chini. Dalili hizo nne nilikuwa nazisoma kwenye bango la ukutani kila siku ya kazi. Kwa mara ya kwanza nilizisikia mwilini: maumivu yalishuka kutoka kiwango cha kuuma meno hadi mvuto tu.

Kitu kimoja nilikiona baadaye, nilipokuwa nikiirudia siku ile kichwani. Katika yote hayo mikono yake haikunigusa. Alitumia mwanasesere wa kitambaa, na ngumi yake mwenyewe badala ya titi. Wodini kwetu, mama aliposhindwa tulimkamata titi na mtoto tukawaunganisha wenyewe, kwa haraka, tukaondoka. Mtoto alishika kweli. Mama naye alibaki na hakika kwamba jambo hilo linawezekana tu kwa mikono ya muuguzi.

Ningependa hadithi iishe hapo, lakini mtoto aliyepoteza asilimia 11 ya uzito wake huchoka baada ya dakika saba hata akishika vizuri, na wangu alichoka. Mtaalamu akasema jambo ambalo sikulitarajia kutoka kwake. Alisema kwamba kazi ya siku chache zijazo ina sehemu tatu na mpangilio wake haubadiliki: kwanza mtoto ashibe, pili maziwa ya mama yalindwe yasikatike, tatu ndipo afundishwe kushika, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hana nguvu za kujifunza. Kila baada ya kunyonya apewe mililita 30 kwa kikombe kidogo. Yatangulie maziwa niliyokamua, na pengo lijazwe na maziwa ya kopo. Nami nikamue mara 8 kwa siku, mojawapo usiku, wakati prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa, inapokuwa juu. Sababu ya kukamua ni kwamba titi linalobaki limejaa hupunguza kasi ya kutengeneza maziwa. Humo humo ndani ya maziwa kuna kitu kinacholiambia lipumzike. Titi linalotolewa maziwa mara kwa mara hupata ujumbe wa kinyume.

Nililia. Nilikuwa nimejenga heshima yangu ya kazi juu ya kutotamka neno kopo, na sasa mtu niliyedhani ni mlinzi mkuu wa unyonyeshaji alikuwa ananielekeza namna ya kulitumia. Aliacha nilie, kisha akaniuliza kama nina chombo cha kuchemshia maji. Unga wa kopo, alinieleza, haujatakaswa na vijidudu vyote hata ukiwa umefungwa barabara. Huweza kubeba bakteria aina ya Cronobacter, ambaye ni nadra lakini ni hatari kwa mtoto mchanga. Kwa hiyo unga huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, ili yaue vijidudu hivyo, kisha chombo hupozwa kwa maji ya bomba na maziwa hujaribiwa kwenye kifundo cha mkono kabla mtoto hajapewa. Yaliyotengenezwa yakakaa saa 2 bila kutumika humwagwa. Yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa humwagwa papo hapo.

Katika miaka sita sikuwa nimemwonyesha mzazi yeyote mambo hayo. Tulidhani kukaa kimya ndiyo kuutii Mwongozo wa Kimataifa wa Uuzaji wa Maziwa Mbadala, uliopitishwa mwaka 1981. Mwongozo huo unazuia kuyatangaza maziwa hayo kwa umma na unazuia watumishi wa afya kupokea vishawishi vya watengenezaji, na naunga mkono kila herufi yake. Lakini umeacha wazi kwamba mzazi anayeyahitaji aonyeshwe matumizi yake, tena na mtumishi wa afya. Sisi tuliwaacha wazazi hao wajifunze kwa maandishi ya kwenye kopo, yaliyoandikwa na muuzaji. Kati ya makosa yangu yote ya kazini, hili ndilo ambalo bado linaninyima usingizi mara mojamoja.

Usiku ule mume wangu alishika kikombe. Mtoto hukalishwa wima, ukingo wa kikombe ukagusa mdomo wa chini, na maziwa yakafikishwa kwenye midomo bila kumiminwa. Yeye mwenyewe hutoa ulimi na kulamba kama paka. Alimwaga nusu ya kikombe cha kwanza kifuani kwake. Cha tatu alikiweza. Alifungua daftari la shule lililobaki nyumbani, akachora mistari, akaandika saa, muda wa kunyonya, mililita, nepi. Mpaka leo naamini kwamba daftari lile lilitutoa kwenye hofu kuliko faraja yoyote, kwa sababu saa tisa usiku mtu hawezi kukumbuka kama nepi ya mwisho ilikuwa na mkojo, na asipokumbuka huanza kubuni, na kinachobuniwa saa tisa usiku huwa kibaya siku zote.

Baada ya siku mbili mtaalamu alirudi na mizani nyepesi inayosoma tofauti ya gramu chache. Alimpima mtoto akiwa na nguo zake, nikanyonyesha, akampima tena na nguo zilezile, nepi ileile. Gramu moja inayoongezeka ni takriban mililita moja iliyoingia. Mara ya kwanza ilikuwa gramu 18. Siku ya kumi na mbili ilikuwa 46, na kwa mara ya kwanza niliiona ngumi yake ikifunguka, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeachia mzigo. Tulipunguza kopo hatua kwa hatua, kwa kufuata daftari wala si kwa kufuata hamu yangu ya kujisifu, na siku ya kumi na sita tukaliacha. Uzito wa kuzaliwa aliurudia siku ya kumi na nane, akiwa amechelewa kidogo, kwa kuwa wengi huurudia kati ya siku ya 10 na ya 14. Mtaalamu hakuonekana kuhangaishwa na siku hizo nne. Alitazama mwelekeo wa mstari.

Miezi iliyofuata haina mengi ya kusimulia, isipokuwa wiki ya saba. Niliamka na homa ya nyuzi 38.7, na upande wa nje wa titi la kushoto ukiwa mwekundu na mgumu kama kipande cha ubao. Hapa nilijiamini. Nilikuwa nimewatibu wengi: kitambaa cha moto, kusugua kwa nguvu kuelekea kwenye chuchu, kukamua hadi titi liwe tupu. Nilikuwa nimeshaanza kusugua nilipompigia simu yule mtaalamu, na jibu lake la kwanza lilikuwa, "Acha kusugua." Alinieleza kwamba mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na chuo cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji ulikuwa umeligeuza somo hilo. Tishu iliyovimba huumizwa na kusugua kwa nguvu, na kukamua kupita mahitaji ya mtoto huliamuru titi litengeneze zaidi, hivyo msongamano huongezeka. Alitaka niweke kitu cha baridi, ninywe dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, niendelee kumnyonyesha mtoto kama kawaida bila kuzidisha, na kama homa isingeshuka ndani ya saa 24 nimwone daktari kwa ajili ya antibiotiki. Homa ilishuka kesho yake. Kilichonishangaza ni jinsi alivyotamka, bila haya yoyote, kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wazazi kusugua kwa miaka mingi na kwamba sasa hafundishi hivyo tena.

Niliporudi kazini nilikamua mara mbili kwa zamu, nikayahifadhi maziwa kwa kufuata kanuni inayojulikana: hadi saa 4 nje ya jokofu mahali pasipo na joto kali, hadi siku 4 ndani ya jokofu. Hilo lilikwenda vizuri. Kilichobadilika zaidi kilikuwa mimi mbele ya vitanda vya wengine. Niliomba kusomea ushauri wa unyonyeshaji, nikapitia mafunzo ya saa 40 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, yaliyoandikwa kwanza mwaka 1993, na nikakuta kwamba sehemu kubwa ya saa hizo si ya matiti bali ya masikio. Tulifundishwa kuyaacha maneno yenye hukumu ndani yake. Ukimuuliza mama, "Ananyonya vizuri?" umempa nafasi mbili tu, kufaulu au kufeli, naye atachagua kufaulu hata kama chuchu zinatoka damu. Ukimuuliza, "Ananyonyaje?" atakusimulia. Ni silabi moja ya mwisho, na Kiswahili kimetupa bure, lakini ilinichukua wiki kadhaa kuacha ile "vizuri" iliyokuwa imenikaa ulimini.

Nimejifunza pia kwamba ujuzi huu una mahali unapokoma, na nawaogopa washauri wasiopajua. Alikuja kwangu mama ambaye mtoto wake wa wiki tano alikuwa akiongezeka uzito kwa kusuasua. Alikuwa ameambiwa na watu wanne ajitahidi. Alikuwa akinyonyesha, akikamua, akilala saa tatu kwa usiku, na akijitahidi kweli. Nilikaa, nikatazama; mtoto alishika vizuri mno, kidevu kikatulia mara chache, kikanyamaza. Nilipouliza kuhusu ujauzito, alisema matiti yake hayakubadilika hata kidogo. Yalikuwa membamba na yamekaa mbali moja na jingine. Nikamweleza kwamba wapo wanawake wachache ambao tishu ya kutengeneza maziwa haikukua ya kutosha tangu ujana, na kwamba hakuna mkao, chai wala saa za kukamua zitakazojaza pengo hilo lote. Nilimwambia kwamba hakukosea popote. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Sikuwa na jibu zaidi ya lile ninalolijua kunihusu mimi.

Tulimtengenezea njia yake. Alibandika mrija mwembamba kando ya chuchu, ncha nyingine ikiwa ndani ya chombo cha maziwa ya kopo, mtoto akawa anavuta vyote viwili kwa pamoja: maziwa machache ya mama na mengi ya mrija, akiwa kifuani. Aliendelea hivyo kwa miezi saba. Mwingine, wiki ile ile, aliniambia ametosheka baada ya wiki tatu na anataka kuacha, na nilimwelekeza kupunguza kidogo kidogo ili titi lisije likajaa na kuwaka. Zamani ningewaelekeza wote wawili kwenye bango la ukutani.

Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotolewa mwaka 1989 na kurekebishwa 2018, zinataka wahudumu wapimwe kwa ujuzi na si kwa maarifa peke yake. Wodini kwetu tulilitafsiri sharti hilo kwa namna nyepesi: kila mama asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla mtu mmoja hajamtazama akinyonyesha mara moja, kuanzia mwanzo hadi mtoto aachie mwenyewe. Wasimamizi walisema muda hautoshi. Ni kweli kwamba hautoshi, na zipo zamu tunazoshindwa kabisa. Lakini dakika 20 za kutazama mara nyingi hulingana na dakika tatu za maelezo zikirudiwa mara saba kwa mama yuleyule, anayeita tena kwa sababu mtoto bado analia.

Juzi alikuja muuguzi mpya, kijana, mwenye bidii. Nilimkuta amesimama upande wa miguuni mwa kitanda, faili mkononi, akimweleza mama wa siku ya pili kwamba mtoto anyonye mara 8 hadi 12. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, na chini ya shuka niliona vidole vyake vya miguu vimekunjwa. Nilichukua kigoda kutoka pembeni, nikakisukuma kwa mguu hadi kikagusa goti la yule muuguzi. Alinitazama, akatazama kigoda, akafunga faili. Akakaa. Mtoto alikuwa bado hajafungua mdomo.